Kamba za Wifi Kwenye Uwanja wa Vita

Wifi yangu hawezi kuona kitambaa kimelala chini akakipita. Hawezi kabisa. Atakuwa na beseni kichwani, simu sikioni, mteja anamsubiri mlangoni, lakini akiona leso ya mtu imeanguka barabarani atachutama, ataiokota, ataikung'uta, na ikikosa mwenyewe ataingia nayo ndani aifue. Dukani kwetu kuna rafu nzima ya vitu vya namna hiyo: soksi za mguu mmoja, vitambaa vya meza, kofia ya mtoto mchanga, bendera ya timu ambayo mtaani kwetu haina hata shabiki mmoja. Vyote safi, vyote vimepigwa pasi, vinasubiri wenyewe ambao hawatakuja. Nikimuuliza anavifanyia nini hunijibu, "Wifi, nguo haina miguu. Haiwezi kurudi kwao yenyewe."

Tabia hiyo ndiyo iliyokaribia kututia matatani mwaka ule walipopanua mpaka wa uwanja wa vita. Lakini ngoja niwaeleze vizuri, maana nikianza kuruka ruka mtanichoka.

Wifi ni dobi. Mimi ni mdogo wa mume wake, na mimi ndiye ninayeshika pasi. Kazi yenyewe aliianzisha mama yetu, na alipozeeka akamkabidhi mkwewe, siyo mimi binti yake wa kumzaa. Sikununa. Mimi na maji ya baridi hatujawahi kupatana. Wifi anafua na kuanika, mimi nanyoosha na kuongea, na yeye hudai kwamba hilo la pili ndilo ninalolifanya kwa bidii.

Duka ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Nyuma kuna kiua chembamba, mapipa mawili ya kuchemshia mashuka, karo za saruji, na mlango wa mbao. Kiua hakipati jua hata la bahati mbaya. Upande huu kuna ukuta wa jirani, upande ule kuna maduka ya ghorofa aliyoyajenga Zege. Zege ni mjenzi, jina hilo alipewa na mafundi wake, naye analipenda. Ukianika shuka kiuani asubuhi, jioni bado liko bichi linakutazama, kesho yake linanuka uvundo. Kwa hiyo tangu enzi za mama tunaanika mteremkoni.

Unafungua mlango wa nyuma, unavuka njia ya miguu, na mbele yako kuna mteremko wa majani unaopanda taratibu. Nguzo ni zilezile za mama, waya umebadilishwa mara kadhaa. Pale jua linaanza mapema, na upepo unakuja bila kuitwa. Mashuka ya hospitali, mapazia ya shule, mataulo ya nyumba ya wageni, yote yanakaukia pale, na yanarudi yananukia. Ukimwondolea wifi mteremko ule umemwondolea kazi. Hakuna mahali pengine. Tulishatafuta.

Juu ya mteremko kuna seng'enge, na nyuma ya seng'enge ndipo ulipo uwanja wa vita. Zamani, wakati wa babu wa babu zetu, watu wa hapa walisimama pale kulizuia jeshi lililokuja kuwatawala. Kuna mnara wa mawe, kuna mahandaki yaliyoota nyasi, kuna vibao vya marufuku kila kona. Watoto wa shule huletwa kwa mstari, wanaambiwa wanyamaze, hawanyamazi.

Na mlinzi wa uwanja huo, mwenye filimbi na kofia na sare ya kaki, ni kaka yangu. Ndiyo, mume wa wifi huyohuyo. Mtaa mzima unamwita Afande, ingawa hajawahi kushika bunduki hata ya mchezo. Kaka yangu anapenda sheria kama wengine wanavyopenda mpira. Kama kibao kimeandikwa usikanyage majani, yeye hakanyagi hata pale ambapo hayajaota. Ila kitu anachokipenda kuliko hata sheria ni mstari wa pasi kwenye suruali yake. Mke wake humnyooshea mwenyewe, mimi siruhusiwi kugusa, na mstari ule unaweza kukata embe.

Kila asubuhi alikuwa anazunguka mpaka wake. Akifika kwenye kamba za mkewe anasimama upande wake wa seng'enge, anapiga saluti.

"Mama, usivuke mpaka."

"Sivuki, Afande. Na wewe usivuke ukaja kuniibia vibanio."

Wamesemezana hivyo miaka na miaka, na kila asubuhi wanacheka utadhani wameyasikia leo. Mimi nilikuwa naona ni upuuzi mtupu, mpaka siku kicheko chenyewe kilipokosekana.

Ilianzia kwenye mkutano, katika darasa la shule ya jirani, sisi watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto na magoti yamefika kidevuni. Mbele alikuwa amesimama mama mmoja mwembamba mwenye viatu vya vumbi, ofisa wa mambo ya kale. Hatukulishika jina lake, tukawa tunamwita Mama wa Mambo ya Kale, na yeye hakujali. Alisema watu wake walikuwa wamepekua mteremko kwa wiki kadhaa na wamekuta risasi za zamani na vifungo vya makoti ya askari, kuanzia kwenye seng'enge mpaka karibu na njia ya miguu. Maana yake vita havikuishia pale juu kama tulivyofundishwa. Wazee wetu waliteremka na kupigana hadi huku chini. Kwa hiyo mpaka utashuka. Uwanja wa vita sasa utafika njiani.

Akasimama kijana wa halmashauri, akasoma masharti kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Ndani ya mpaka hakuna kujenga, hakuna kulima, hakuna kuchimba, hakuna biashara.

Nikamgeukia wifi. Alikuwa ametulia, mikono juu ya dawati, ile mikono yake iliyokunjamana kwa maji. Hakuna biashara. Mteremko wote.

Halafu watu wakapiga makofi. Na mtu aliyepiga kuliko wote, mstari wa mbele, kofia mapajani, alikuwa kaka yangu.

Jamani! Baadaye alinieleza kwamba yeye alikuwa anawapigia wale wazee walioteremka kupigana, na mimi namwamini, maana ndivyo alivyo. Kichwa chake kilikuwa kwenye historia, hakikuwa kimefika kwenye kamba. Lakini wifi aliona mumewe anashangilia kufukuzwa kwake. Akasimama, akatoka, hata maswali hayajaanza.

Basi nyumba ikaingia baridi. Wifi hakugombana, afadhali angegombana. Aliendelea kumpikia, kumwekea maji ya kuoga, kumwitikia akiitwa. Na sare yake aliifua vizuri sana, akaianika, akaianua, akamkunjia. Ila hakuipiga pasi.

Mtu mwingine angesema hilo si neno. Nyumbani kwa dobi, nawaambieni, ni afadhali kurushiwa sahani. Kaka alitoka asubuhi na sare safi iliyojikunja kama karatasi iliyotupwa. Walimu waliokuja na wanafunzi wakamuuliza kama anaumwa. Aliniletea suruali kwa siri nimnyooshee, nikamwambia, "Kaka, mimi sitaki kuingia vitani. Uwanja wa vita ni wa kwako."

"Mdogo wangu, nifanyeje sasa?"

"Kamuulize yule Mama kama mkeo ataruhusiwa kuanika. Swali moja tu!"

"Nimwombee mke wangu? Mimi mlinzi? Si wataniambia napendelea watu wa nyumbani? Sheria ni sheria."

Nikamfuata wifi nikamwambia aulize yeye. "Nikaombe nini," akasema, "wakati mume wangu mwenyewe ameshapiga makofi?" Mmoja anaogopa kuonekana anapendelea, mwingine ameudhika hataki kuomba. Mimi nilitamani niwapakie wote wawili kwenye pipa niwachemshe.

Zege naye hakulala. Alikuja dukani kuchukua mashati yake, akaegemea meza kama mtu wa familia. "Dada yangu dobi," akasema, "huu mpaka tuupinge pamoja. Wewe una kamba zako, mimi nina huruma yangu. Mteremko ukibaki nje ya mpaka, hakuna atakayekugusa, mimi nitahakikisha." Sauti ilikuwa tamu mpaka meno yananiuma. Wifi alimshukuru. Siku ile, nadhani, hakukuwa na mtu mwingine aliyemwambia neno la kumpa moyo.

Haikupita wiki, Mama wa Mambo ya Kale akarudi kuweka alama. Wapimaji wenye vyombo walikuwa bado kufika, kwa hiyo yeye na kaka walitembea tu mteremkoni kufuata pale risasi zilipoonekana, na kila baada ya hatua chache wakafunga utepe mwekundu kwenye kichaka au kishina cha majani. Wapimaji wakija watapima kufuata tepe, kisha mawe ya mpaka yatasimikwa. Mambo hayo nimeyajua baadaye. Siku yenyewe wifi alikataa hata kutazama nje. Alifunga mlango wa nyuma akafulia gizani. Mimi nilikuwa mbele na pasi yangu. Tulisikia tu kwamba "wameweka alama", na akilini mwetu alama ni vigingi.

Sasa sikilizeni. Siku ya pili yake wifi alianika kabla hakujapambazuka, asivione hivyo vigingi, na mchana upepo ukaja wa ajabu. Siyo ule wetu wa kila siku, huu ulikuwa na hasira. Mapipa yanalia, bati la jirani linapiga kelele. Wifi akatoka mbio kuanua, mimi nyuma yake. Tumechelewa. Kamba mbili zimelegea, mashuka ya hospitali yametapakaa mteremko mzima, mengine yamejisokota kwenye vichaka. Wifi alikuwa anayakumbatia kwa mikono yote miwili, anayavuta, anayazoa pamoja na majani na kila kilichonasa humo. Kwake hakuna mjadala, nguo ikigusa chini inarudi kufuliwa. Akaingia kiuani na mzigo unaomziba uso, akautumbukiza wote kwenye pipa linalochemka, akafunika.

Alipofunua, akabaki ameshika kifuniko. Nikaja kuchungulia.

Mashuka yote yalikuwa ya waridi. Waridi lile la keki ya harusi!

Natamani niwaambie kwamba nilimhurumia. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji. Wifi alikuwa anachokoa pipa kwa kijiti anatoa vitambaa virefu vyekundu, kimoja baada ya kingine, kama mchezo wa mazingaombwe. "Vya nani hivi?" akauliza. "Labda vya michezo ya shule," nikasema, huku nafuta machozi. Yeye na uchungu wake wote, na mashuka ya watu yameharibika, bado akavisuuza, akavitia wanga, akavianika juu ya pipa, na vilipokauka akavipitishia pasi. Akavipanga kwenye rafu yetu ya vitu visivyo na mwenyewe.

Jua lilikuwa bado halijashuka kaka alipoingia dukani, jasho linamtoka, filimbi imening'inia mgongoni badala ya kifuani. Zege alikuwepo, ameleta suti yake.

"Tepe zimepotea," kaka akasema. "Upepo umezichukua karibu zote. Wapimaji wanakuja kesho asubuhi, mimi ndiye niliyeachiwa alama, na alama hakuna!" Akawa anageuka geuka, na macho yake yakatua kwenye rafu.

Zilikuwa zimelala pale juu ya kofia ya mtoto, nyekundu, zimenyooka, zinang'aa kwa wanga.

"Hizi zimetoka wapi?"

Wifi akatazama rafu, akamtazama mumewe, na nikaona uso unamsawajika. Ndipo tulipoelewa tumefua nini. Kuharibu alama za serikali, sisi, dukani kwetu, tena mke wa mlinzi! Na mtaa mzima unajua alivyouchukia mpaka ule. Nani angeamini kwamba ni mazoea tu ya kuokota?

"Nilidhani ni za watoto wa shule," akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza marefu kumwambia mumewe tangu mkutano.

Kaka akazichukua zote, akazishika kwa vidole viwili viwili kama mtu anayeogopa kuzikunja. Zege akakohoa. Akasogea, akapunguza sauti, ingawa chumba chenyewe unasikia hata mbu akipiga chafya.

"Afande, hii ni bahati. Wewe ndiye unayejua zilikuwa wapi. Zifunge kule juu, pembeni ya seng'enge ya zamani. Wapimaji watapima watakapoziona. Mkeo anabaki na kamba zake, kila mtu analala usingizi. Nani atajua?"

Kaka alimtazama mkewe. Na wifi, ambaye hajawahi kuomba kitu kwa mtu, macho yake yalikuwa yanaomba. Nami pia, msinione malaika, nilikuwa nasema moyoni, kafunge juu kaka, kafunge juu.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Tukasimama kizingitini, mimi na wifi, tunamtazama anapanda. Alipita kamba za chini, akapita za juu, akafika seng'enge. Akasimama pale, na ile suruali yake iliyokunjamana, tepe mkononi. Akainama kwenye kichaka. Wifi akanishika mkono, kucha zake zikaingia kwenye nyama. Nikajua ameamua, na nikamshukuru Mungu.

Kisha akanyanyuka. Akaanza kuteremka. Akashuka, akashuka, akazipita kamba zote, hadi karibu na njia. Akapiga goti akafunga utepe wa kwanza kwenye kishina cha majani, hatua chache tu kutoka tuliposimama. Kisha wa pili. Akaendelea hivyo mteremko mzima, hana haraka, anatafuta kichaka kilekile, anarudi nyuma akikosea. Kamba za wifi zote zikawa ndani.

Aliporudi mlangoni, wifi alikuwa bado amesimama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya."

Akaingia kiuani akaanza kusugua karo ambazo zilikuwa safi. Kaka alikaa kwenye ngazi ameinamisha kichwa. Nilimchukia jioni ile, kaka yangu wa damu. Nilimwambia, "Uwanja wako umepata mlinzi, mkeo amekosa mume." Sasa nikikumbuka nasikia aibu, lakini ndivyo nilivyosema.

Asubuhi wifi alitoka na koleo la kufungulia waya. Akasema hatasubiri kufukuzwa, anafungua kamba zake mwenyewe, kwa heshima yake. Wapimaji walikuwa wameshafika na vyombo vyao vya miguu mitatu, na Mama wa Mambo ya Kale anatembea kutoka utepe hadi utepe, anashika kila mmoja. Tulimwona anasimama. Akavuta utepe, ukarudi ukasimama wima kama ukosi wa bwana harusi.

"Nani amezipiga pasi alama zangu?" akauliza kwa sauti.

Kaka akapiga hatua mbele, mikono ubavuni. "Mimi, Mama. Mimi ndiye mlinzi. Kama kuna kosa ni langu."

"Wewe!" Wifi akadakia kutoka kwenye nguzo, koleo mkononi. "Utapiga pasi wewe? Mama, hebu mtazame hiyo suruali! Anaweza kupiga pasi huyu? Ni mimi." Akaeleza yote pale pale, upepo, pipa, mashuka ya hospitali, rafu. Alipofika kwenye rangi ya waridi wapimaji wakaacha kazi wakawa wanaangua vicheko. Mama wa Mambo ya Kale alijikaza, alijikaza, mwisho na yeye akashindwa.

"Na aliyezirudisha ni nani?"

"Huyo," wifi akasema. "Amerudisha kila moja pale pale ilipokuwa. Tulimwona."

Yule mama akaangalia mstari wa tepe kuanzia mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Wifi akameza mate. Nilimwona anajipa moyo.

"Sasa nilikuwa nauliza tu," akasema, "niwe nimemaliza kufungua kamba zangu lini?"

"Kamba hizi? Kwa nini uzifungue?"

"Si walisoma, hakuna biashara."

"Biashara yako si iko dukani, ng'ambo ya njia? Huku kuna nguo zinakauka tu. Usichimbe mashimo mapya, nguzo zibaki kwenye mashimo yale yale. Basi. Nguo ikikauka inamdhuru nani?"

Koleo likamponyoka wifi, likaanguka kwenye majani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona ameacha kitu chini bila kukiokota.

"Ngoja nikwambie," Mama wa Mambo ya Kale akaendelea. "Tazama huku kushoto. Tazama kulia. Kote nyumba. Na huko pia vita vilipita, lakini chini ya misingi hatutapata kitu tena. Hapa katikati tumekuta kila kitu mahali pake. Nilijiuliza kwa nini. Nikaambiwa kuna dobi, na kabla yake mama mkwe wake, na kwamba hapajawahi kukosa nguo hapa hata siku moja. Mngeacha kuanika, pangeshajengwa zamani. Tena kuna mtu ameshaomba halmashauri apewe mteremko huu ajenge maduka. Walikuwa wanangoja mpaka wetu tu. Kipande kitakachobaki nje ya tepe ni chake."

Hakumtaja. Hakuwa na haja, maana kwenye njia ya miguu Zege alikuwa amesimama anatazama wapimaji. Tulipomgeukia, ghafla akakumbuka ana safari.

Kaka yangu alikuwa amesimama mdomo wazi. Halikuwa limemjia akilini hata yeye. Nilimwona analifikia taratibu: kile kichaka cha juu, pembeni ya seng'enge, na mkono wake ulivyokuwa umeshakigusa.

Wifi aligeuza beseni, akakaa juu yake, akaanza kucheka. Alicheka, kisha akalia, kisha akafanya vyote pamoja, kanga yake usoni. Nami nikakaa chini ubavuni pake. Siwezi kuwaeleza ule wepesi. Wiki zote zile nilikuwa nimebeba gunia bila kujua, na mtu amelitua. Nilisikia hata upepo una harufu nyingine.

"Baba," wifi akamwita mumewe, baada ya siku zote zile za kumwita Afande kavukavu. "Jana nilikuwa nakuombea uzifunge juu."

"Najua. Mgongo wote ulikuwa unawaka."

"Ungenisikiliza..."

"Nilikaribia," kaka akasema. "Niliufunga mmoja, mama watoto. Nikaufungua."

Wifi akanyanyuka. Akamtazama kuanzia kofia hadi viatu, zile kunyanzi zote, magoti yamejitokeza, ukosi umelala upande. "Vua hiyo sare," akasema.

"Hapa? Mbele ya watu wa serikali?"

"Ingia ndani uvue! Utapokea mawe ya mpaka umevaa hivyo? Unataka wanicheke mimi?"

Akanipokonya pasi yangu. Mimi nikabaki naangalia, kaka yangu amekaa kiuani amejifunga taulo la nyumba ya wageni, anakunywa chai, anatabasamu peke yake kama mgonjwa aliyepata nafuu. Wifi alinyunyiza maji, akakandamiza, akageuza, akakandamiza tena. Mstari aliouweka siku ile ulidumu wiki nzima.

Mashuka ya waridi hayakurudi kuwa meupe, tulijaribu kila dawa. Muuguzi mkuu alifoka, akanyamaza, akayapeleka wodi ya watoto, na sasa wakati mwingine anauliza kama tunaweza kumfulia mengine hivyohivyo. Mawe ya mpaka yapo kando ya njia, meupe, na seng'enge ya juu imeondolewa. Kwenye rafu yetu kuna utepe mmoja mwekundu. Wifi aliuomba, Mama wa Mambo ya Kale akampa. Huo una mwenyewe.

Na kaka anazunguka kila asubuhi kama kawaida, ila sasa anapita katikati ya nguo, anasukuma mashuka kwa kiwiko cha mkono asiyachafue. Akifika kwa mkewe anasimama.

"Mama, uko ndani ya mpaka."

"Niko ndani, Afande. Nitoe kama unaweza."

Anapiga saluti, anaendelea na zamu yake, na wifi anamtazama suruali mpaka apotee nyuma ya mashuka.